Panda Mlima, Panda Tumbawe

Kisongo, 8 Septemba 2024

Kwako Nanyori,

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu imenichosha. Kwenye simu unacheka kabla sijamaliza kusema, halafu mtandao unakatika palepale ninapofika kwenye jambo lenyewe. Karatasi haikatiki. Nitampa kondakta wa basi la Tanga, na wewe ukijibu fanya hivyohivyo.

Sisi wazima. Mama Lucky magoti yanamsumbua, mdomo haumsumbui. Ukame umekula malisho mpaka karibu na uwanja wa ndege, na palipobaki majani watu wamejenga. Lekishon, jirani yetu, ameweka ghorofa na amesahau ngazi. Watoto wake wanapanda kwa kamba kama nyani, na yeye anakaa chini kuwaonyesha wageni jinsi alivyoendelea. Binamu yako Lucky hajambo. Kampuni yake ya utalii imepata ofisi Sekei, yenye vioo kila upande, hata mtu akipiga chafya ndani, wauza ndizi wa barabarani wanamwombea afya.

Sasa neno lenyewe. Baada ya ibada wazee waliniuliza binti wa marehemu Sinyati anafanya kazi gani huko pwani. Mimi niliyekulea tangu dada yangu huyo alipofariki, nilitazama chini kama mtu aliyeibiwa viatu. Niseme nini? Kwamba anachunga mawe? Uliniambia matumbawe ni wanyama. Ni mnyama gani huyo hana mlio, hapigwi chapa, hakamuliwi wala hachinjwi? Utumishi wangu wote serikalini nilikuwa mhimilishaji. Nimezunguka Mlima Meru wote na mtungi wa mbegu za madume, nimepandisha mitamba ya watu mpaka wengine wakawaita ndama jina langu. Uzazi naujua. Usiniletee hadithi za kulaza watoto.

Nieleze kwa ufupi.

Mjomba wako,
Lomayani


Tanga, 29 Septemba 2024

Mjomba, shikamoo. Mama Lucky pia, shikamoo yake.

Mimi mzima, ila nanuka chumvi hata nikioga mara mbili. Mwenye nyumba wangu anaamini watu wa Arusha wote ni Wamasai wa kulinda mageti, kwa hiyo kila jioni ananiuliza kama nimeshafunga geti. Kituoni mkuu wetu amepaka ofisi yake rangi ya bahari ili wageni wajue anaipenda. Bahari yenyewe iko hapo dirishani. Ameiwekea pazia.

Umetaka ufupi. Tumbawe ni mkusanyiko wa vinyama vidogo vyenye mdomo mmoja, vinavyojijengea mifupa ya chokaa kutoka kwenye maji. Ile mifupa ndiyo wewe unaiita mawe. Havitembei, hivyo haviwezi kufuatana. Mara chache kwa mwaka, siku chache baada ya mwezi mpevu, jua likishazama, vyote vya aina moja vinaachia mayai na mbegu kwa pamoja. Vinapanda juu kama shanga za waridi, vinapasuka, na mbegu za huyu zinatafuta mayai ya yule. Hakuna mhimilishaji, Mjomba. Hakuna mtungi. Yanafanya yenyewe, kwa wakati, bila kulipwa posho.

Kazi yangu ni kuangalia kama bado yanaweza. Moshi wa magari na viwanda unapanda angani, na bahari inakunywa sehemu yake. Ni gesi ileile iliyo kwenye soda. Maji yanaanza kuwa makali. Bado si siki, ukionja hutajua. Ila vitoto vya matumbawe vinajua.

Wazee wa kanisani waambie binti wa Sinyati ni mkunga. Wakikuuliza wa nani, wabadilishie mazungumzo uwaulize michango yao ya jengo. Watanyamaza.

Nanyori


Kisongo, 27 Oktoba 2024

Nanyori,

Salamu zimefika. Mama Lucky amecheka ile ya pazia mpaka magoti yakapona kwa nusu saa. Mvua za vuli zimeonja tu na kuondoka.

Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimejuta. Kumbe wasomi wote hao, na mashua, na mitungi ya hewa, mnahangaika na maji yaliyochacha? Wekeni magadi. Mama Lucky akipika makande, maharage yakawa magumu, anarusha kipande cha magadi na kazi inakwisha. Huku Natron yamejaa ufukweni, hayana kazi. Pakieni malori, mwageni, rudini nyumbani mkaolewe.

Sasa jambo. Lucky ameanzisha safari mpya: wageni wanapanda Mlima Meru, halafu wanapelekwa huko kwenu Tanga kupanda matumbawe. Ameiita Panda Mlima, Panda Tumbawe. Ni akili sana, hata mimi nimekiri. Kila mgeni anapewa cheti chenye jina la tumbawe lake, na kimeandikwa kwamba litazaa maelfu ya watoto. Anataka mtaalamu aweke jina lake kuthibitisha. Nimemwambia tunaye mtaalamu ndani ya nyumba, kama kweli hicho unachofanya ni utaalamu. Atakutumia maneno, wewe utakubali. Mwanaume anayejiajiri, na ndugu yake anachunga mawe ya serikali, nani amsaidie mwenzake?

Lomayani


Tanga, 1 Desemba 2024

Mjomba, shikamoo. Poleni na ukame. Mpe Mama Lucky dawa ya kuchua niliyomkabidhi kondakta, na usijipake wewe ukasema ulikuwa unaionja.

Kuhusu magadi. Wapo watu wazima, wenye digrii, wanaowaza kumwaga kitu cha aina hiyo baharini, kwa hiyo usijione mpumbavu peke yako. Lakini chukua ziwa lote la Natron ukalikaushe, ulisage, ulipeleke: umetia chumvi kwenye mchuzi wa kijiji kizima kwa ncha ya kidole. Na moshi ungali unapanda.

Wiki mbili zilizopita matumbawe yalizaa. Tulikuwa ndani ya maji na vyandarua vya kuzuia yale mayai yasitutoroke. Sikuambii lilivyopendeza kwa sababu utasema unapendezwa na ndama tu. Tuliyagawa kwenye matangi. Mengine tuliyaweka kwenye maji ya bahari kama yalivyo leo, mengine kwenye maji tuliyoyapulizia gesi mpaka yakawa makali kama yanavyotazamiwa kuwa mwisho wa karne hii, moshi ukiendelea hivihivi.

Umewahi kuona dume mzee anavyopandishwa kwenye lori? Ndivyo mbegu zilivyokwenda kwenye maji makali. Zilijivuta, zikasita, nyingi hazikufika. Mayai yaliyoshika yalikuwa machache zaidi. Yaliyoshika yakawa vitoto vya kuogelea, vidogo kama punje ya ulezi, na kitoto hicho kinatafuta mahali pa kutua maisha yake yote. Kinapenda ukoko fulani mwekundu unaoota juu ya miamba, ndio unaokiita. Kwenye maji makali ukoko ule ulipauka na kumenyeka, vitoto vikazunguka na kuzunguka mpaka vikachoka. Vichache vilivyotua vilijenga mifupa laini kama ganda la yai la kuku aliyekosa chokaa. Nilikigusa kimoja kwa sindano. Sikukiona tena.

Lucky amenitumia hayo maneno. Nimeyasoma. Jibu ni hapana. Hajawahi kuingiza hata kidole baharini, anauza watoto wa wanyama ambao hajui mdomo wao uko wapi. Cheti chake kina picha ya samaki. Si tumbawe, Mjomba. Ni samaki.

Heri ya Krismasi mapema.

Nanyori


Kisongo, 12 Januari 2025

Nanyori,

Krismasi tulichinja. Kiti chako kilikaliwa na mchumba wa mtoto wa Lekishon, msichana anayekula huku anajipiga picha. Nilitamani ungekuwepo umtukane, maana mimi nimeambiwa nimezeeka mno kutukana.

Lakini barua yako imenichafua. Hapana? Kwa ndugu yako? Ulikunywa maziwa ya ng'ombe mmoja na huyo kijana, mkalala mkeka mmoja, mkaugua surua pamoja. Leo umepata miwani ya kuogelea, unamtazama kama kinyesi cha mbuzi. Umeniandikia ukurasa mzima juu ya huruma yako kwa vijidudu, na mistari mitano ya dharau kwa mtoto wangu.

Na hizo mbegu zako zinazojivuta: mimi nimeona mbegu zikifa mikononi mwangu kwa sababu kijana wa ofisini alisahau kujaza ubaridi kwenye mtungi. Hatukuitisha mkutano. Tulifukuza mtu, tukajaza mtungi.

Uzinduzi ni Mei, hotelini mjini. Watakuja wafadhili. Mkuu wako wa kituo ameshakubali kuwa mshirika, Lucky ameniambia. Mkubwa wako amekubali, wewe ni nani? Weka jina tuendelee na maisha.

Ng'ombe mwekundu ameharibu mimba.

Lomayani


Tanga, 16 Februari 2025

Mjomba, shikamoo. Pole kwa mwekundu. Sema kweli, huyo umempenda kuliko wote, na najua hukulala.

Kuhusu kuwa mimi ni nani, nilikwenda kuangalia, ili nisije nikaambiwa nasema kwa wivu. Nilizamia kwenye bustani ya matumbawe ya Lucky kabla ya mwezi kujaa. Vipande vimefungwa kwenye vyuma kwa kamba za plastiki, mistari kwa mistari kama mahindi. Kuna vibao vya majina ya wageni. Majani ya baharini yameshameza vibao vingi. Tumbawe likikaribia kuzaa, ukivunja kitawi unaona ndani mayai ya waridi. Nilivunja kitawi hiki, nikavunja kile. Vyeupe. Havikuwa na kitu.

Nikamtafuta mzamiaji aliyevipanda, nikamuuliza alivikata wapi. Akanionyesha. Vyote, Mjomba, vyote vimetoka kwenye tumbawe moja. Lilikuwa karibu na mashua, akachoka kuogelea mbali. Wewe ni mhimilishaji, sina haja ya kukufafanulia, lakini nitakufafanulia kwa sababu umeniita mchunga mawe: vile si kundi. Ni mnyama mmoja aliyekatwakatwa. Aina hii haijipi mimba yenyewe. Hata vikikua, hata maji yakiwa matamu kama enzi za babu, vitaachia mayai yao na hayatashika. Na maji hayatakuwa matamu. Haya nimempa mkuu wangu kwa maandishi, na Lucky nimemwambia kwa simu, pamoja na matusi yake.

Mimi sitaandika kwamba hiyo ni zizi la uzazi. Mwambie mwanao aandike mwenyewe, ana kalamu nzuri, ile ya dhahabu aliyonunua ili atie saini vyeti vya samaki.

Nanyori


Tanga, 13 Aprili 2025

Mjomba, shikamoo.

Hujajibu. Kondakta ameapa kwamba alikupa barua ya Februari mkononi. Natumaini ni hasira tu, si ugonjwa. Hasira zako nimezizoea.

Nimehama chumba, nipo mtaa mwingine, anwani imeandikwa nyuma ya bahasha. Hakuna sababu. Hapa hakuna mtu wa kuniuliza kuhusu geti. Mvua za masika zimeanza?

Nanyori


Kisongo, 25 Mei 2025

Nanyori, binti wa dada yangu,

Masika yameanza, yakaisha. Majani yapo. Mama Lucky anatembea mpaka kanisani bila fimbo, akirudi anataja dhambi za wote aliowapita njiani.

Sikujibu kwa sababu sikuwa na la kusema ambalo lisingenifanya nionekane mjinga. Barua yako ya Februari niliisoma nikaitupa chini ya kitanda. Mnyama mmoja aliyekatwakatwa. Nilimuuliza Lucky hapahapa mezani, mbele ya mama yake.

"Mama zao wangapi?"

"Mama za nani, Baba?"

"Za hivyo vijiti unavyopanda baharini."

"Baba, wageni hawaulizi mambo hayo."

"Mimi nauliza."

Akasema nisubiri uzinduzi, nitaelewa. Nikasubiri.

Siku ilipofika nilivaa suti yangu ya kustaafia. Pale mlangoni pa hoteli Lucky akanivika shuka jekundu juu ya suti na kunipa kibuyu cha maziwa. "Baba, wewe leo ni mzee wa mila." Mimi! Mtumishi wa umma, nina cheti cha ufugaji, nimesimamishwa kama sanamu la duka la vinyago. Nikaingia hivyohivyo kwa ajili ya mama yake. Mkuu wako wa kituo alikuwepo, amevaa viatu vyeupe, anakula korosho.

Halafu wakawasha picha ukutani. Ulikuwa wewe. Umevaa nguo zako za kuzamia, unacheka, na chini yako maneno kwamba umethibitisha kila tumbawe la Panda Mlima litazaa maelfu. Jina lako lote, na jina la marehemu Sinyati mwishoni kwa sababu waliona linapendeza.

Nikasimama na kibuyu changu. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti: "Huyo binti hajasema maneno hayo. Vijiti hivyo vina mama mmoja, havitazaa, na mwanangu anajua."

Mshereheshaji akachukua kipaza sauti, akawatafsiria wageni. Unajua alisema nini? Kwamba mzee amebariki matumbawe yazae kama ng'ombe wake. Wakapiga makofi. Mama mmoja wa Kizungu akalia. Wakanipiga picha.

Nimedharau watu wengi katika maisha yangu, Nanyori, lakini sijawahi kudharau ukumbi mzima kwa mpigo kama siku ile. Nikaweka kibuyu chini. Nikavua shuka, nikalikunja, nikampa Lucky. Nikasema tena, safari hii kwa Kiingereza cha serikali, polepole, kama nilivyokuwa naandika taarifa za majike yasiyoshika mimba. Sikuacha neno. Nikamaliza kwa kusema huyo mwenye viatu vyeupe anajua pia. Mkono wake ukabaki ndani ya bakuli la korosho.

Hakuna aliyepiga makofi.

Wafadhili wameondoka. Ofisi ya vioo imefungwa. Usinishukuru, sikufanya kwa ajili yako wala kwa vijiwe vyako. Mtu anayeuza ndama wa mtamba asiyeshika mimba ni mwizi. Nimewafukuza kazi vijana wa wengine kwa kosa hilo, siwezi kumpaka wangu mafuta.

Siku ya tatu yake Mama Lucky alikutana na dada mmoja aliyefanya kazi hapo kituoni kwenu, akamwambia kwamba mkataba wako ulikatwa Machi kwa sababu ulikataa kutia jina. Machi. Na wewe Aprili unaniandikia umehama chumba, hakuna sababu, mvua zimeanza? Mjinga wewe. Ulikuwa unakula nini?

Lucky hajaja nyumbani tangu siku ile. Mama yake anampakulia chakula, anakifunika. Mimi sijali.

Mjomba wako,
Lomayani


Tanga, 15 Juni 2025

Mjomba, shikamoo. Mama Lucky, shikamoo, na pole kwa chakula kinachopoa.

Nilikuwa nakula muhogo na samaki, na sikukwambia kwa sababu ungepanda basi ukaja kumpiga mkuu wa kituo, nawe huna umri wa kwenda mahabusu. Nimepata kazi ya muda kwa watafiti wengine. Matangi ni machache, mkuu hana pazia. Msimu wa kuzaa ukirudi tutapima tena, mara hii kwa matumbawe mama wengi kutoka sehemu mbalimbali, maana yapo machache ambayo watoto wao walivumilia maji makali kuliko wengine. Si wengi. Sitaki uwaambie wazee wa kanisani kwamba mambo yatakuwa mazuri. Sijui kama yatakuwa mazuri.

Nimeisoma habari ya hotelini nikiwa nimesimama mlangoni, nikashindwa kukaa. Umesema nisikushukuru, basi sikushukuru.

Lucky yuko hapa.

Alikuja wiki iliyopita, kachafuka vumbi la safari, kaja kunipigia kelele. Alisimama uani akanitukana mpaka jirani akazima redio ili asikie vizuri. Kwamba nimemharibia, kwamba nimemgeuza baba yake, kwamba nilikuwa na wivu tangu utotoni. Nilimwacha amalize. Nikamwambia, "Twende ukaone ulichokuwa unauza." Akasema hajui kuogelea. Mtu ameuza bahari miezi saba, hajui kuogelea! Nilimvalisha jaketi la kuelea na miwani, nikamshika mkono kama mtoto, nikamweka uso majini juu ya bustani yake.

Alitazama muda mrefu. Alipoinua kichwa maji yalikuwa yamejaa kwenye miwani, sikujua ni ya ndani au ya nje, na sikuuliza.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia, Lucky."

"Ulinitukana. Hukuniambia."

Nikamvua ile miwani, Mjomba, nikaimwaga maji, nikamrudishia.

Tangu hapo anakwenda na mzamiaji kila maji yakipwa. Mzamiaji anakata zile kamba za plastiki chini, yeye anazipokea juu ya mashua, anazijaza kwenye magunia. Ameungua na jua mgongo mzima. Haitaokoa kitu kikubwa, nimemwambia hivyo, na bado nadhani ana akili za kuku. Lakini anakula vizuri. Jana alimaliza sufuria.

Nimemuuliza kama ana salamu za kuweka kwenye barua hii. Akasema hana. Nimekaa na kalamu mkononi, yeye anakoroga chai, nimesubiri mpaka ikapoa. Kweli hana. Ila sasa hivi, nikiwa karibu kufunga bahasha, ameniuliza basi la Arusha huondoka saa ngapi asubuhi.

Nanyori